Mama Gaju Iko Nyumba

Kwanza niseme kwamba Béatha hajanikosea kitu. Miaka tisa tumepanga ua mmoja, huku Kigali, nyuma ya njiapanda ya Sonatubes, yeye chumba cha tatu, mimi cha nne, na ukuta kati yetu ni mwembamba hivi kwamba akikoroga chai najua kama ametia sukari au hakutia. Hajawahi kunitukana. Nikiumwa analeta uji. Angekuwa mwanamke mbaya ningemwonea wivu nikalala usingizi wangu vizuri. Lakini huyu, kila nikimchukia, anabisha hodi na bakuli.

Tunamwita Mama Gaju, kwa jina la binti yake mkubwa. Alizaliwa Bujumbura kwa wazazi Wanyarwanda, akaja Kigali akiwa na miaka kumi na tisa na sanduku la bati ambalo ufunguo wake ulipotea njiani. Anaapa kwamba sanduku lile lilifunguliwa mwaka wa tatu, na nguo zilizokuwamo zilikuwa hazimwenei tena. Hiyo ni hadithi yake. Zangu huwa zina simba.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Kagugu, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya watu wawili yenye vyoo vitatu. "Nilikuwa najiuliza," aliniambia, "hiki cha tatu ni cha nani?" Alisugua vigae vya Kagugu miaka minne. Kisha akaolewa na Salvator, fundi viatu, mtu mpole ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeingia kwenye kiatu cha mtoto na nafasi ikabaki. Wakapanga bondeni, maji ya mvua yakawatoa. Wakapanga kwa mjane, mjane akafa, watoto wake wakauza. Wakapanga kwa bwana mmoja aliyewaambia mtoto ni mmoja tu, basi akazaliwa wa pili. Hadi leo ukimwuliza Mama Gaju jambo fulani lilitokea lini, hakutajii mwaka. Anakwambia, "Tulikuwa kile chumba cha mlango wa kijani," au, "Hapo tulikuwa kwa yule wa mbwa." Vyumba saba amehama, na wasichana watatu nyuma yake kama vifaranga.

Siku hizi anafagia barabara. Mmewaona wale wanawake wa ushirika, sare na kofia, mafagio marefu, magari hayajaanza kupiga honi wao wameshamaliza upande mmoja. Yeye sehemu yake ni pale njiapanda ya Sonatubes. Madereva wa pikipiki wanamwogopa kuliko polisi. Mtu akitupa karatasi ya biskuti mbele ya Mama Gaju anaiokota mwenyewe kabla hajaambiwa. "Barabara yote hii ni yangu," anasema, "ila pa kuegemeza ufagio napanga."

Mimi naitwa Nyiramana, lakini ua mzima unaniita Mukecuru, yaani bibi kizee, kwa heshima. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, katika nyumba ya babu yangu iliyokuwa ndefu sana hata mwanambuzi aliyeingia mlango wa mbele alitokea wa nyuma ana wajukuu. Watu wa hapa wameisikia nyumba hiyo mara nyingi. Hakuna anayeamini, na hakuna anayeniambia ninyamaze. Neno moja tu la kweli humo ni kwamba tangu nitoke kule sijakaa kwenye nyumba ambayo ningeweza kupiga msumari ukutani bila kuomba ruhusa.

Basi, shirika moja la hisani likaanza kujenga nyumba kule Kabuga, kwa watu wa kipato kidogo. Hawagawi bure. Unajaza fomu, unaleta barua ya mudugudu, yaani ya serikali ya mtaa, na karatasi ya kazi yako, wanakutembelea, wanawauliza majirani. Ukikubaliwa, unafanya kazi saa mia tatu kwenye nyumba za wenzako, unachekecha mchanga, unabeba matofali, na wenzako watakuja kujenga yako. Halafu unalipa kidogo kidogo kila mwezi, bila riba, miaka kumi na tano. Sharti kubwa lilikuwa moja: usiwe na nyumba nyingine popote duniani.

Mama Gaju akachukua fomu. Mimi nikaona, nikasema na mimi naitaka.

Afisa wao alikuwa kijana anaitwa Zephaniah, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, suruali nyembamba, na ile simu kubwa kama sahani wanayoiita tableti. Kinyarwanda anakijua kama mimi. Lakini mimi afisa yeyote akija namjibu Kiswahili, makusudi. Afisa ukimlazimisha Kiswahili hapa Kigali anapunguza mwendo, anatafuta neno, na wewe unapata muda wa kumtazama vizuri. Na Kiswahili cha Zephaniah kilikuwa na neno moja linalofanya kazi zote: iko. Mtu yupo, kwake ni iko. Mtu ana kitu, iko. Kitu kipo mahali, iko. Tunasema hivyo wengi hapa, lakini yeye alikuwa amezidi.

"Mukecuru, kazi iko?" akaniuliza siku ya fomu yangu.

"Iko. Nasimulia."

"Na watu inalipa?"

"Wananipa chai."

Akaandika. "Miaka iko ngapi?"

"Sabini na nne."

Akahesabu kwa vidole juu ya kioo. "Kulipa ni miaka kumi na tano. Utamaliza na themanini na tisa."

"Bibi yangu aliishi mia na arobaini," nikamwambia, "na hata hivyo hakufa kwa uzee. Alianguka kwenye mti akichuma maparachichi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaandika kitu kifupi. Mimi kusoma sijui, lakini mtu anayeandika "ndiyo" huwa anaandika kirefu.

Fomu ya Mama Gaju ikapita hatua ya kwanza. Yangu ikarudishwa na maneno mazuri.

Hapo ndipo nilipoanza kuugua. Jioni nasikia ukutani wanapanga vitanda. Gaju anataka dirisha la upande wa barabara, wadogo zake wanataka chumba chenye kona. Salvator, yule asiyesema, nikamsikia anasema, "Nitaweka meza ya viatu barazani." Maneno matano kwa mpigo, kwa ajili ya baraza ambayo haijajengwa. Nikajifunika blanketi kichwani bado nikawasikia. Asubuhi Mama Gaju akitaka kuanika nguo anakuta nimejaza kamba yote, tena nguo nyingine ni safi, nimezilowesha tu. Maji yakitoka mwishoni mwa juma mimi wa kwanza bombani na madumu ambayo sina haja nayo. Yeye anasimama nyuma yangu, anasema, "Mukecuru, nikusaidie kubeba?" Unaona jinsi alivyonitesa.

Ikaja siku ya kuulizwa majirani. Utaratibu wao ni kwamba jirani anaulizwa peke yake, mwombaji asisikie. Zephaniah akaja mchana, akakaa mlangoni kwangu kwenye kigoda. Mama Gaju alikuwa amerudi kutoka kazini muda mfupi tu, nilimwona akipita na beseni.

"Mama Gaju, iko watoto?" akaanza.

"Iko. Watatu, wasichana."

"Iko mume?"

"Iko. Ukimsikia akiongea niite."

"Iko kazi?"

"Iko, ya kufagia barabara."

"Iko nyumba?"

"Iko," nikasema.

Akainua macho. "Iko? Kweli?"

"Iko kabisa. Nimeona kwa macho yangu haya."

Akabofya kitu, akafunga tableti, akanishukuru, akainuka. Na naapa, hadi hapo sikuwa na hila. Nilidhani ameniuliza kama Mama Gaju yupo nyumbani, amfuate. Lakini kijana akapita mlango wa tatu bila kubisha. Akavuka ua. Mtu aliyeuliza kama mwenyeji yupo, akaambiwa yupo, haondoki bila kupiga hodi. Nikabaki nimeshika fremu ya mlango, na neno lile likarudi masikioni kwa maana yake nyingine. Iko nyumba. Ana nyumba. Na mimi nimejibu ana, kabisa, nimeiona kwa macho yangu haya.

Alikuwa hajafika kwenye geti. Koo langu lilikuwa zima. Mimi ndiye mwanamke niliyewahi kumwita mbuzi wa Karagwe akasikia yuko Bukoba. Zephaniah akafungua geti, akainama kidogo maana geti letu ni fupi, akatoka. Nikamwangalia mpaka akapinda kona.

Nikaingia ndani, nikapika viazi, nikavila vyote.

Majina yakabandikwa ofisi ya akagari, ile ya serikali iliyo juu ya mudugudu, baada ya wiki tatu. Mama Gaju akaenda na sare yake ya kazi, ufagio mkononi. Aliporudi alikaa kwenye ngazi ya chumba chake, miguu ameinyoosha.

"Eti nina nyumba," akasema.

"Nani kasema?"

"Karatasi. Imeandikwa pale, 'ana nyumba.'" Akanitazama na uso wa mtu anayetaka kucheka ila hapati pa kuanzia. "Mukecuru, wewe unajua mengi. Anayeijua hiyo nyumba yangu si anionyeshe, niende nikalale?"

Nikasema mambo ya ofisi ni magumu. Nikajishughulisha na jiko.

Maneno yakaanza kutembea. Kwenye ushirika wanawake wenzake wakaanza kumwita Mama Jumba. Mwenye ua wetu, Mugabo, ambaye huwa tunamwona mwisho wa mwezi tu, akaja katikati ya mwezi, akasimama mbele ya chumba cha tatu mikono nyuma, akasema kama mtu ana nyumba yake na bado anakalia chumba cha maskini, basi afikirie kukiachia. Gaju alikuwa anafanya mazoezi ya shule pale nje. Akafunga daftari, akaingia ndani.

Na mimi nilifanya nini? Kulikuwa na msusi wa nywele, Christella, amehamia chumba cha kwanza, hana hata miezi mitano uani. Akanijia na mkate.

"Mukecuru, hebu niambie. Ni kweli Mama Gaju ana nyumba Bujumbura?"

Mngeniona. Mkate ulikuwa wa moto. Nikasema, "Ina ghorofa." Tena sikuishia hapo, ulimi wangu nikiufungulia haurudi na mikono mitupu. Nikasema ghorofa ya juu ina tausi, na tausi yule ana mtumishi wake. Christella akapiga makofi. Tausi hakuamini. Ghorofa aliamini.

Siku ile usiku sikulala, na haikuwa dhambi iliyoninyima usingizi. Nilikuwa namwonea wivu Mama Gaju kwa ile nyumba ya tausi niliyomjengea mwenyewe.

Kumbe Christella naye alikuwa ameomba, na alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Mama Gaju akitoka yeye anaingia. Aliyeniambia ni yeye mwenyewe, Jumatatu, amevaa viatu vipya vyenye kelele.

"Mukecuru, Kabuga utakuja kunitembelea," akasema. "Vyumba vitatu. Mlango wa chuma. Nitakuwekea mkeka barazani, ukae pale uwasimulie wageni wangu."

"Barazani," nikasema.

"Ndiyo. Ndani nitaweka zulia, unajua zulia na miguu."

Akatazama miguu yangu. Miguu hii imetembea kutoka Karagwe, na safari moja niliitembea nimembeba ndama. Nikaitazama na mimi.

Sasa sikilizeni jinsi roho yangu ilivyo, sitawaficha. Mama Gaju kupata nyumba kuliniuma kama jino. Lakini Christella, wa miezi mitano, kuipata kwa neno lililotoka kinywani mwangu, halafu aniweke mkekani! Hilo halikuwa jino. Hilo lilikuwa taya zima. Kama ni lazima mtu awe na mlango wa chuma kabla yangu, basi awe yule ninayemjua hata anavyokoroga chai.

Malalamiko yalikuwa yanapokelewa siku saba, na ya saba ilikuwa Jumatano. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikapanda basi la Kabuga bila kumwambia mtu. Nilipofika nikakuta kamati ya shirika imekaa ndani ya nyumba ya kwanza iliyokwisha, haina bado rangi, inanuka saruji, mabenchi yamepangwa sebuleni. Mwenyekiti wao, Bi Winifred, mama mnene mwenye miwani, naye alikulia Tanzania, nilimjua kwa namna alivyosema "karibu." Zephaniah pembeni na tableti. Na Mama Gaju alikuwa pale, ameshatoa malalamiko yake, barua ya ushirika ameikunja mapajani. Christella pia alikuwa pale, kusikiliza. Aliponiona akanitengea nafasi.

Nikasimama. "Mama Gaju hana nyumba," nikasema. "Kosa ni langu."

Christella akacheka. "Juzi ulisema ina ghorofa."

"Nilidanganya."

"Na tausi?"

"Tausi pia."

Sebule nzima ikacheka. Mzee mmoja wa kamati, kumbe ananijua kwa sifa, akasema, "Huyu si ndiye Mukecuru wa mbuzi aliyeingia mlango wa mbele?" Nikataka kueleza, nikaona kila ninavyosema ukweli unatoka na mkia. Nikasema kijana aliniuliza hiki nikaelewa kile, wakacheka. Nikasema neno ni moja na maana ni mbili, wakacheka zaidi, mtu akasema sasa analeta simba. Maisha yangu yote watu wamecheka nikiongea na nimependa. Siku ile nilipenda wanyamaze.

Mama Gaju hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Basi nikamgeukia kijana. "Zephaniah mwanangu, mama yako bado yupo hai?"

"Eh, iko."

"Saa hizi, mama yako iko nyumba?"

"Iko," akasema, haraka, bila kufikiri.

"Bi Winifred, tafadhali andika: mama yake Zephaniah ana nyumba."

"Hapana," akasema Zephaniah, "mama iko nyumba, lakini nyumba si yake, ni ya mjomba, yeye iko tu…"

Akasimama hapo. Akafungua tableti, akasoma, akaifunga. Hakuna aliyecheka. Bi Winifred akavua miwani, akaifuta kwenye kitenge chake polepole, akamwuliza, "Uliuliza hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama."

"Na hukumwuliza iko wapi?"

"Alisema ameona kwa macho."

Bi Winifred akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, hakikuwa na pa kujificha. "Bibi, wewe ulitambua lini kwamba hamjaelewana?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema nimeota. Nilikuwa na majibu sita mazuri, moja lilikuwa na malaika. Lakini Mama Gaju alikuwa bado ananitazama, na nikaona kwamba anajua. Miaka tisa ya ukuta ule, na yeye pia anasikia upande wangu.

"Kabla hajafika getini," nikasema.

"Na hukumwita."

"Sikumwita."

"Kwa nini?"

"Nilitaka iwe yangu," nikasema. "Nikaona haiwezi kuwa yangu, nikataka isiwe ya mtu."

Bi Winifred akavaa miwani yake. Akasema kamati itamtembelea Mama Gaju upya, na watauliza kwa Kinyarwanda, kwa maandishi, majirani wengine watatu, mimi nisiwemo. Christella akatoka na viatu vyake. Mama Gaju akakunja barua yake mara moja zaidi, akapita mbele yangu, akaenda kituo cha basi peke yake. Nilipanda basi la nyuma yake.

Wakaja, wakauliza, jina lake likarudishwa. Christella wamemwambia asubiri awamu ijayo, ameacha kunisalimia. Mama Gaju naye aliacha. Hakugombana na mimi, aliacha tu kuleta bakuli. Ukuta ukawa mnene. Akikoroga chai sikusikia kitu, nadhani alikorogea nje.

Saa mia tatu alizifanya kwa miezi minane. Akitoka barabarani anavua sare ya ushirika, anavaa gambuti, anakwenda Kabuga. Salvator Jumamosi, Gaju likizo. Alijifunza kuchanganya saruji, kupima kwa kamba, kujua tofali baya kwa kuligonga na ufunguo. Alirudi jioni na nywele nyeupe kwa vumbi, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nikadhani ni mimi ninajiona kwenye kioo. Mara mbili nilikwenda na mimi, bila kualikwa, maana wanaruhusu watu wa nje kukusaidia saa. Msimamizi alinipa kazi ya kunyoosha misumari iliyopinda. Nilinyoosha. Hakuna aliyeniambia asante wala ondoka.

Siku ya funguo kulikuwa na padri, na soda, na hotuba ya Bi Winifred. Mimi nilikaa nje kabisa, juu ya mawe yaliyobaki. Nyumba ya tano kutoka njiani, bati jekundu, mlango wa chuma kweli. Watu wakaingia, wakasifu, wakatoka. Kila aliyetoka alisema nzuri sana, nzuri sana. Nikawa nahesabu kila "sana" kwa vidole.

Walipoondoka, Mama Gaju akatokea mlangoni.

"Mukecuru, njoo."

Nikainuka. Nikavua viatu mlangoni.

"Vaa viatu vyako," akasema. "Sikukuita kukaa. Wageni wote wamesema ni nzuri. Zephaniah amesema kasoro zote ziandikwe leo, ndani ya wiki fundi atarekebisha, baada ya hapo ni juu yangu. Mimi naitazama naona vizuri kila mahali, macho yamejaa. Salvator ndiyo usiseme. Nahitaji mtu ambaye hataki niwe nayo."

Zephaniah alikuwa jikoni na tableti yake, amesimama kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Unataka nitafute ubaya," nikasema.

"Utafute wote."

Basi nikaanza. Mlango wa nyuma unaburuza chini upande wa bawaba. Dirisha la Gaju halifungi mpaka mwisho, kidole kinapita. Kwenye choo, sakafu inateremkia mlangoni badala ya kwenye tundu, maji yatawafuata kitandani. Zephaniah akaandika. Nje, mfereji wa maji ya mvua umechimbwa unaelekea kwenye ukuta. Nikamwonyesha kwa kumwaga soda, na soda ikaenda ukutani kama inaitwa. Akaandika. Ufa mdogo juu ya dirisha la sebule. Swichi iliyopinda. Kila nilipopata kitu nilisikia raha moyoni, raha mbaya, tamu, na kila raha niliyoipata Mama Gaju alisema, "Andika hiyo," na nyumba yake ikawa bora zaidi.

Kasoro zikafika sita. Zephaniah akauliza, "Iko ingine?"

"Subiri," nikasema.

Kilikuwa kimebaki chumba cha mwisho, kile kidogo cha wasichana wadogo, chenye kona. Nikaingia peke yangu. Nikapapasa kuta zote nne kwa kiganja. Nikagonga sakafu kwa kisigino, ikalia sawa kila mahali. Nikafungua dirisha, nikafunga, nikafungua. Nikaangalia dari mpaka shingo ikauma. Nikarudia upya, ukuta kwa ukuta, polepole, kama mtu aliyedondosha sindano.

Hakikuwa na kasoro. Nikakaa sakafuni katikati ya chumba kile, nimekikasirikia, na kule jikoni nikawasikia wakiningoja.